Jinsi ya kuomba fedha za utafiti wa pamoja kati ya Ulaya na Amerika Kaskazini

Ubia mwingi wa utafiti wa kuvuka Atlantiki huanza na wazo. Watu wanakutana kwenye kongamano, wanaelewana, wanarudi makwao na kuanza kuandika andiko la kuomba fedha. Baada ya miezi kadhaa ndipo mmoja wao anafungua masharti ya mfadhili na kukuta kwamba upande wa pili hauruhusiwi kulipwa hata senti moja. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwingine: nani atamlipa nani. Ukishalijua hilo ndipo unaweza kupanga kazi gani ifanyike wapi.

Tutatumia mfano wa kubuni. Kundi moja la watafiti liko Leipzig, Ujerumani, na lina kumbukumbu za wagonjwa wa moyo. La pili liko katika chuo kikuu cha umma jimboni Ohio, Marekani, na ni mahiri wa modeli za kompyuta. La tatu liko Montreal, Kanada, lina maabara ya kupima sampuli za damu.

Hatua ya 1: Chora njia ya pesa

Chukua karatasi, andika majina ya taasisi zote, kisha chora mshale kutoka kwa kila mfadhili hadi kwa kila taasisi anayoruhusiwa kuilipa. Mishale itakuwa michache kuliko ulivyodhani, kwa sababu pesa ya walipa kodi kwa kawaida haivuki bahari. NSF, shirika la serikali ya Marekani linalofadhili sayansi ya msingi, ni nadra sana kulipa taasisi ya nje. Horizon Europe, mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya wa 2021 hadi 2027 uliopangiwa awali bajeti ya takriban euro bilioni 95.5, hulipa nchi wanachama pamoja na nchi shirikishi, yaani zile zilizotia saini mkataba wa kujiunga na mpango huo.

Hapa ndipo ramani inapochangamka. Uingereza ni nchi shirikishi tangu Januari 2024. Kanada ilitia saini Julai 2024, lakini kwa nguzo ya pili ya mpango tu, ile ya changamoto za dunia kama afya, hali ya hewa na nishati. Kwa hiyo Montreal inalipwa katika nguzo hiyo sawasawa na Leipzig, ila haina haki hiyo katika nguzo nyingine. Marekani haimo kabisa. Ohio inakaribishwa kushiriki, lakini ije na pesa zake. (Wasomaji wa Afrika Mashariki watapenda kujua kwamba Kenya, Tanzania na Uganda zimo kwenye orodha ya nchi za kipato cha chini na cha kati ambazo taasisi zake hulipwa na Horizon Europe bila mkataba wowote wa ushirikishi. Chuo cha Dar es Salaam kinalipwa pale ambapo Harvard hailipwi.)

Afya ilikuwa na upekee wake. Kwa miaka mingi wito wa maombi ya afya wa Umoja wa Ulaya uliruhusu taasisi za Marekani kulipwa, kwa kuwa NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, nazo zilifadhili watafiti wa Ulaya. Lakini tarehe 1 Mei 2025 NIH ilitangaza kwamba haitatoa tena ruzuku ambazo ndani yake kuna mgao wa taasisi ya nje, mpaka uwepo mfumo mpya unaoitenganisha sehemu ya nje iwe ruzuku inayojitegemea. Kwa mambo yanayogeuka hivi, usitegemee alichokwambia mwenzako aliyeomba miaka miwili iliyopita. Soma masharti ya wito wa mwaka wako, aya ya nani anastahili kulipwa, kabla ya aya nyingine yoyote.

Hatua ya 2: Chagua mlango

Kwa uzoefu wa kawaida milango ni minne.

Wa kwanza ni Horizon Europe yenyewe. Mradi wa kawaida unahitaji taasisi zisizopungua tatu, kila moja kutoka nchi mwanachama au shirikishi tofauti, na angalau moja iwe ya nchi mwanachama. Leipzig na Montreal ni mbili. Itafutwe ya tatu, tuseme Ureno. Ohio inaingia kama mshirika asiyelipwa: hatii saini mkataba wa ruzuku, hapokei euro, lakini kazi yake inatajwa kwenye andiko. Mlango huu ni mpana na mzito. Mada hupangwa Brussels, nawe unaandika kujibu walichouliza. Ikiwa wazo lako inabidi ulipinde sana ili litoshe kwenye mada, achana nalo, wapimaji wataona.

Wa pili, ambao kwa makundi mawili au matatu ninaupendelea kuliko yote, ni utaratibu wa shirika kiongozi. Mashirika mawili ya ufadhili yanakubaliana kwamba andiko moja litapelekwa kwa shirika moja, lipimwe mara moja, na la pili liheshimu uamuzi. Kila shirika linalipa watu wake. NSF ina makubaliano ya aina hii na UKRI ya Uingereza, DFG ya Ujerumani na SNSF ya Uswisi, katika fani zilizotajwa. Marekani, Ireland na Ireland Kaskazini wana ubia wao wa pande tatu tangu 2006 unaofuata mantiki hiyohiyo. Faida yake kubwa ni kuepuka balaa la kupimwa mara mbili: Ujerumani wakukubali, Marekani wakukatae, na mradi ubaki na mguu mmoja.

Wa tatu ni mashirika ambayo hayajali mpaka. Human Frontier Science Program, lenye makao yake Strasbourg tangu 1989, linafadhili sayansi ya msingi ya viumbe hai kwa makundi ya nchi tofauti, na linapendelea watu ambao hawajawahi kufanya kazi pamoja. Fondation Leducq ya Paris inafadhili mitandao ya utafiti wa moyo na kiharusi yenye waratibu wawili, mmoja wa Ulaya na mmoja wa Amerika Kaskazini. Kundi letu la mfano lingepaswa kugonga hapo kwanza.

Wa nne ni kumsafirisha mtu badala ya pesa. Mpango wa Umoja wa Ulaya wa Marie Skłodowska-Curie humpa mtafiti mwenye uzamivu, wa uraia wowote, ruzuku ya kwenda kufanya kazi Ulaya, mradi tu hajaishi katika nchi anayokwenda zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyopita. Raia na wakazi wa muda mrefu wa nchi wanachama na shirikishi wanaweza kwenda Marekani mwaka mmoja hadi miwili kisha warudi Ulaya kwa miezi 12. Ruzuku ya ushirikiano ya ERC, Baraza la Utafiti la Ulaya, kwa watafiti wakuu wawili hadi wanne na hadi euro milioni 10, inamruhusu mmoja wao awe nje ya Ulaya. Fulbright, mpango wa Marekani wa kubadilishana wasomi na nchi nyingine, upo tangu 1946. Mtafiti mmoja aliyekaa mwaka mzima kwenye maabara ya mwenzake huzaa ubia wa kudumu kuliko mikutano ya mtandaoni, na mara nyingi ndiye anayeandika andiko kubwa linalofuata.

Hatua ya 3: Uliza kabla ya kuandika

Marekani kila wito una jina la afisa wa programu, na afisa huyo kweli hujibu barua pepe. Wengi wetu tunaona haya kumwandikia, tukidhani ni kama kuomba upendeleo. Sivyo, ni sehemu ya kazi yake. Mwandikie ukurasa mmoja au chini ya hapo:

“Tunapanga andiko la pamoja na kundi la Leipzig chini ya makubaliano yenu na DFG. Swali la utafiti ni hili: [sentensi mbili]. Upande wa Ohio utafanya modeli, upande wa Leipzig utashughulikia data. Tunaomba kujua mambo mawili: je, mada hii inaangukia kwenye programu yenu, na je, gharama za safari za watafiti wachanga kwenda Leipzig zinaruhusiwa kwenye bajeti ya upande wa Marekani?”

Maswali mawili ya kujibika. Usimuulize kama wazo ni zuri.

Upande wa Umoja wa Ulaya hali ni tofauti. Maofisa wa Tume ya Ulaya hawajadili wazo lako kabla ya maombi, kwa kuwa waombaji wote lazima watendewe sawa. Badala yake kila nchi mwanachama na shirikishi ina ofisi za mawasiliano za kitaifa za Horizon Europe, huduma yake ni bure, na baadhi zitakusomea rasimu. Kwa aliyeko Marekani au Kanada, EURAXESS, mtandao wa Ulaya wa kuwasaidia watafiti, ina tawi la Amerika Kaskazini linaloelekeza watu.

Hatua ya 4: Namba

Hapa ni haraka tu, lakini pameua maombi mengi. Kwa Umoja wa Ulaya kila taasisi inahitaji PIC, namba ya tarakimu tisa. Kwa serikali ya Marekani inahitaji UEI yenye herufi na tarakimu 12, inayotolewa kwenye SAM.gov, ilichukua nafasi ya namba ya DUNS Aprili 2022. Usajili wa SAM.gov huhuishwa kila mwaka, na kwa taasisi ya nje unaweza kuchukua wiki nyingi. Mtafiti mwenyewe awe na ORCID, namba ya kumtambulisha mtafiti popote alipo. Vyuo na taasisi za umma za nchi wanachama na shirikishi, Kanada ikiwemo, viwe na mpango wa usawa wa kijinsia ulioidhinishwa na uongozi na kuchapishwa. Bila huo ruzuku ya Horizon Europe haitiwi saini.

Hatua ya 5: Andiko moja, bajeti mbili

Wapimaji wa Horizon Europe hutoa alama 0 hadi 5 kwa vigezo vitatu: ubora wa sayansi, matokeo kwa jamii, na utekelezaji. Kwa kawaida kila kigezo kinahitaji angalau 3 na jumla angalau 10, ingawa kiuhalisia mwenye 10 harudi na kitu. NSF ina vigezo viwili, thamani ya kisayansi na faida pana kwa jamii. Kwenye utaratibu wa shirika kiongozi, fuata vigezo vya shirika linalopima, hata kama mazoea ya mbia wako ni mengine. Mmarekani aliyezoea NSF huandika kurasa kumi za swali la kisayansi na nusu ukurasa wa nani atatumia matokeo. Mbele ya wapimaji wa Brussels, theluthi nzima ya alama imo kwenye hiyo nusu ukurasa.

Bajeti ndiyo inayogombanisha watu. Chukua gharama za uendeshaji, zile za umeme, majengo na ofisi ya uhasibu. Umoja wa Ulaya hulipa asilimia 25 ya gharama za moja kwa moja kwa kila taasisi. Leipzig ikiwa na euro 400,000 za mishahara, vifaa na safari, inaongezewa 100,000 na mjadala umekwisha. Ohio ina kiwango ilichojadiliana na serikali yake, na kwa vyuo vikubwa vya utafiti kiwango hicho mara nyingi hupita asilimia 50. Mjerumani akiona mstari huo kwa mara ya kwanza hudhani anaibiwa. Mwelezeni mapema kwamba kiwango hakipigwi juu ya kila kitu: vifaa vikubwa, ada za wanafunzi, na sehemu ya mgao wa mbia inayozidi dola 50,000 huondolewa kwanza.

Kisha mishahara. Horizon Europe huhesabu siku: gharama ya mwaka ya mfanyakazi hugawanywa kwa 215, na unadai siku alizofanyia mradi. Marekani huhesabu miezi, na maprofesa wengi wana mkataba wa miezi tisa, kwa hiyo wanaomba ruzuku iwalipe kipindi cha kiangazi. Kwa kawaida NSF huruhusu miezi isiyozidi miwili kwa mwaka kutoka ruzuku zake zote kwa pamoja. Jedwali la kazi likisema mtu wa Ohio atafanya “asilimia 20” na wa Leipzig “siku 90”, yabadilisheni yote yawe miezi ya kazi kabla ya kulinganisha.

Na sarafu. Montreal inatunza hesabu kwa dola za Kanada lakini inaripoti kwa euro, kwa wastani wa viwango vya kila siku vya Benki Kuu ya Ulaya katika kipindi cha taarifa. Kiwango cha siku ya kuandika bajeti hakina nafasi hapo, na hasara ya kubadilisha pesa haidaiwi. Acheni nafasi.

Hatua ya 6: Mkataba, na hapa msikimbie

Anzeni mkataba wa ubia siku mnapoanza andiko. Wanasheria wa vyuo ni waangalifu, wana mafaili mengi, na hawajali kwamba mradi unaanza mwezi ujao.

Kizuizi cha kwanza ni sheria ipi itawale. Vyuo vya umma vya Marekani ni sehemu ya serikali ya jimbo, na vingi haviruhusiwi kukubali sheria ya nchi nyingine wala kuahidi kufidia hasara ya mbia. Mkataba wa ruzuku wa Umoja wa Ulaya nao unataka sheria yake na wakaguzi wake. Mvutano huu ndio uliozaa makubaliano ya Oktoba 2016 kati ya pande hizo mbili, yaliyowawezesha Wamarekani wasiolipwa kushiriki bila kutia saini mkataba wa ruzuku. Mara nyingi suluhisho kwenye mkataba wa ubia ni kunyamaza: kutotaja sheria ya nchi yoyote. Wanasheria watanuna kidogo, kisha watakubali.

Cha pili ni hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi. Marekani humpa mgunduzi mwaka mmoja tangu achapishe ugunduzi wake hadi aombe hataza. Ulaya haimpi hata siku moja: kilichokwisha tangazwa si kipya tena. Kijana wa Ohio akiweka bango kwenye kongamano mwezi wa tano, kwao hajavunja lolote, lakini haki ya Leipzig ya kuomba hataza Ulaya imekufa siku hiyohiyo. Andikeni kifungu kifupi: hakuna bango, hotuba wala rasimu mtandaoni kabla wabia wote hawajaiona kwa siku 30. Halafu kuna sheria ya Bayh-Dole ya 1980, inayovipa vyuo vya Marekani umiliki wa uvumbuzi uliotokana na pesa za serikali, lakini ikadai kwamba kampuni itakayopewa leseni ya pekee ya kuuza Marekani itengeneze bidhaa hasa Marekani. Kama uvumbuzi ni wa pamoja, kampuni ya Ulaya inayotaka leseni hiyo ilijue hilo mwanzoni.

Cha tatu, na kwa mfano wetu ndicho kigumu kuliko vyote, ni data za wagonjwa. Sheria ya Ulaya ya kulinda data, GDPR, inatumika tangu 25 Mei 2018. Kufuta jina na kuweka namba hakutoshi: data zinazoweza kuunganishwa tena na mtu bado ni data binafsi. Tarehe 10 Julai 2023 Tume ya Ulaya ilikubali mfumo mpya wa kuhamisha data kwenda Marekani, na watu wengi walidhani tatizo limekwisha. Mfumo huo unahusu mashirika yaliyojisajili, na wanaoweza kujisajili ni wale walio chini ya mamlaka ya biashara au ya uchukuzi ya serikali kuu. Chuo cha umma cha Ohio hakimo. Kinabaki kifungu sanifu cha mkataba kilichotolewa na Tume mwaka 2021, pamoja na tathmini ya sheria za nchi inayopokea. Hata Kanada msijiachie. Uamuzi wa Ulaya wa kuitambua Kanada unahusu mashirika ya kibiashara, wala haufuniki hospitali na vyuo vilivyo chini ya sheria za majimbo.

Ushauri wangu ni kuacha data zilipo. Ohio itume programu yake Leipzig, modeli ifundishwe kwenye kompyuta za Leipzig, na kinachovuka bahari kiwe majedwali ya jumla na vigezo vya modeli baada ya kukaguliwa kwamba havifichui mtu. Itachukua muda zaidi kwa kila jaribio, lakini mtaokoa miezi ya wanasheria. Jambo hili liandikwe pia kwenye mpango wa data. Tangu Januari 2023 NIH inadai mpango wa kushirikisha data kwa kila ruzuku ya utafiti inayozalisha data za kisayansi, nao unakubali vizuizi vya kisheria ikiwa vimeelezwa tangu mwanzo.

Hatua ya 7: Usalama na kujitangaza

Marekani inamtaka kila mtafiti mkuu ataje vyanzo vyake vyote vya msaada, vya ndani na vya nje, vikiwemo visivyo vya pesa kama maabara ya bure au mwanafunzi anayelipwa na mwingine. Leipzig ikimpa profesa wa Ohio ofisi na cheo cha heshima, atangaze. Kuficha kumewapeleka watu mahakamani. Kanada tangu 2024 ina sera yake kuhusu teknolojia nyeti na taasisi zinazotiliwa shaka, na Baraza la Umoja wa Ulaya lilitoa mapendekezo ya aina hiyo Mei mwaka huohuo. Kama kazi yenu inagusa kwanta, droni au vimelea hatari, mwone mtu wa udhibiti wa mauzo ya nje kabla ya kutuma hata faili moja. Kwa modeli za moyo, fomu chache zinatosha.

Hatua ya 8: Siku ya kutuma

Mlango wa Brussels hufungwa saa 11 jioni kwa saa za huko. Ohio na Montreal ni saa 5 asubuhi, isipokuwa wiki mbili au tatu za Machi na wiki moja hivi mwishoni mwa Oktoba, ambapo pande hizo mbili hazijabadilisha saa kwa pamoja na tofauti hupungua kuwa saa tano. NSF hufunga saa 11 jioni kwa saa za taasisi inayotuma. Horizon Europe inaruhusu kutuma tena na tena hadi mwisho, toleo la mwisho ndilo linalohesabiwa. Kwa hiyo tumeni toleo linalotosha siku mbili kabla, kisha mlirekebishe.

Hatua ya 9: Mkishapata

Horizon Europe inajiwekea miezi minane tangu mwisho wa maombi hadi kutia saini, mitano ya kupima na mitatu ya mkataba. Pesa ya kwanza hutolewa mapema. Marekani chuo mara nyingi hutumia kwanza kisha hudai, na mbia mdogo aliye chini yake husubiri ankara yake ilipwe. Kama mbia huyo hana akiba, ombeni malipo ya awali kwenye mkataba wa mgao, maana baadaye hamtapewa.

Hati za Horizon Europe hutunzwa miaka mitano baada ya malipo ya mwisho, isipokuwa ruzuku ndogo za hadi euro 60,000, ambazo ni miaka mitatu. Za ruzuku ya serikali ya Marekani ni miaka mitatu tangu taarifa ya mwisho ya fedha. Wote wafuate muda mrefu zaidi, na mkataba useme nani atazitunza mtafiti akihama chuo.